Simu Iliyopokewa Siku ya Mazishi

Alhamisi, siku tano kabla ya uchaguzi, mpelelezi Pakou Lor wa ofisi ya sherifu alirudi kwa mara ya tatu jikoni kwa Bernadine Kluck, akauliza swali lile lile.

"Bi. Kluck, siku ya mazishi, nani alikuwa ndani ya nyumba hii?"

"Hakuna mtu. Sote tulikuwa kanisani."

Alikuwa anadanganya, na kudanganya kwenyewe hakukujua. Aliyatupa macho kwenye sinki, akashika kadi ya shukrani, akaiweka chini, akaishika tena. Mwanamke wa miaka sitini na minane, karani wa mji wa Lubno kwa miaka ishirini na sita, mtu aliyewahi kuendesha gari maili thelathini kurudisha muhuri wa kaunti alioubeba kwa bahati mbaya. Sasa anakaa mbele ya askari na kusema uongo, tena uongo mbaya, usio na hata kichwa wala miguu.

Mambo yalikuwa hivi. Florian, mumewe Bernadine, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, alianguka zizini mwanzoni mwa Machi na hakuinuka tena. Akazikwa Jumamosi, misa saa tano asubuhi. Saa tano na dakika arobaini na tatu, Bernadine akiwa amepiga magoti mbele ya jeneza na watu mia mbili wakimwona, mtu fulani aliingia katika daftari la wapiga kura la jimbo kwa jina la Bernadine na kwa nenosiri la Bernadine. Akabadilisha anwani za watu arobaini na watatu, yaani wote wa Lubno waliokuwa wameomba kupiga kura kwa posta. Jumanne iliyofuata karatasi zao zilitumwa, na hazikuwafikia. Zilikutwa nyuma ya mlango wa ghala tupu huko Milwaukee, zimerundikana, bahasha hata moja haijafunguliwa.

Siku nyingine zote Bernadine angeigundua hila hiyo papo hapo, kwa sababu bahasha huziandika kwa mkono wake na kila kisanduku cha barua cha Lubno anakijua. Lakini safari hii ofisi ya kaunti ilimwonea huruma. Pumzika mama, wakamwambia, anwani tutachapisha sisi. Wakachapisha, wakatuma.

Pakou alikuwa ameanza uchunguzi kwa Tate Bushnell, fundi wa kompyuta wa kaunti, mtu mzima mwenye sweta moja la majira yote na ulimi usio na breki. Kuhusu nenosiri, Tate hakushangaa hata kidogo. Bernadine alilitumia hilo hilo kwenye tovuti ya jarida la kanisa, na tovuti hiyo iliibiwa zamani pamoja na mamia ya nyingine. Ila nenosiri peke yake halifungui daftari. Ukishaliandika, mfumo unampigia simu karani. Sauti ya mashine inasema bonyeza moja, ukibonyeza inakusomea tarakimu sita, na bila hizo tarakimu huingii. Makarani wengine hupokea kwenye simu ya mkononi. Lubno simu ya mkononi hushika mtandao ukipanda juu ya ghala la nafaka, kwa hiyo namba ya Bernadine ilikuwa ile ya simu ya mezani iliyotundikwa ukutani jikoni.

Tate alikwisha andika barua mbili kwa baraza la kaunti akiomba kila karani wa miji yote kumi na tisa apewe kifunguo kidogo cha kuchomeka kwenye kompyuta, kitu ambacho huwezi kumsomea mtu kwa simu hata ukitaka. Baraza likajibu: mwakani. Akamwonyesha Pakou majibu yote mawili, ameyabandika ukutani kama vyeti.

Kampuni ya simu nayo ilitoa rekodi. Saa tano na dakika thelathini na sita, simu kutoka namba isiyojulikana, ikapokewa, dakika mbili. Saa tano na arobaini, simu ya mashine ya jimbo, ikapokewa, sekunde thelathini na nane. Saa tano na arobaini na mbili, namba ile ya kwanza tena, ikapokewa, nusu dakika. Dakika moja baadaye daftari likafunguka.

"Kwa hiyo kuna mtu alibonyeza moja," Tate alisema. "Mashine ya kupokea ujumbe haina kidole, Pakou. Nyumba hiyo ilikuwa na mtu."

Mwendesha mashtaka wa kaunti aliposikia hayo alifurahi kupita kiasi. Kwake hesabu ilikuwa imekamilika: Bernadine alikuwa na mshirika, na mazishi aliyafanya kinga. Pakou alimuuliza ni mwanamke gani atafanya jambo kama hilo siku anayomzika mumewe.

"Yule anayejua kwamba utaniuliza hivyo," alijibu, akampa mpaka Ijumaa saa sita mchana.

Akishtakiwa Ijumaa, Bernadine anavuliwa ukarani siku hiyo hiyo. Jumanne mji unapiga kura bila karani, na yeye anabaki Lubno maisha yake yote akijulikana kwamba aliwaibia majirani zake kura. Pakou alikulia maili kumi na mbili kutoka hapo, wazazi wake wakilima matango ya kiwanda cha achari, na alijua fika jinsi watu wa huko wanavyotunza jambo kama hilo. Hawalisemi, na hawalisahau.

Sasa, jikoni, alitazama meza. Sahani na mabakuli ya watu yalikuwa yameoshwa na kupangwa, kila moja na kipande cha karatasi ya gundi chini yake chenye jina la mwenyewe. Pembeni kulikuwa na daftari dogo la jalada jekundu, lile linalokaa kando ya simu nyumba yoyote iliyofiwa: nani kaleta nini, nani kapiga simu, ili mwenye msiba ajue wa kumwandikia kadi. Pakou alilifungua. Nyama na tambi, akina Omernik. Keki ya limau, Bi. Dombrowski. Mwandiko ulikuwa wa kizee, umelala upande wa kulia. Katikati palikuwa na mabaki ya ukurasa, yamenyooka.

"Ukurasa mmoja haupo."

"Niliumwagia kahawa."

"Ukaukata kwa mkasi?"

Bernadine alivuta kadi nyingine.

"Bi. Kluck, nisikilize. Kesho saa sita nitakuja na hati ya kukukamata. Sitaki kuja nayo."

"Basi njoo," Bernadine alisema taratibu. "Nitakuwa nimemaliza kadi hizi."

Pakou alitoka na hasira zake. Mwenye hatia hukaa akibadilisha maelezo. Huyu alikuwa na sentensi moja tu, na amekaa juu yake.

Alikuwa na jina moja lililobaki. Ruben Glodowski, mjumbe wa bodi ya mji, alikuwa ameuza shamba lake kwa watu waliotaka kujenga zizi la ng'ombe elfu sita, na Jumanne mji ulikuwa upigie kura zizi hilo. Florian alilipinga mpaka siku aliyokufa. Marafiki wa miaka arobaini, wakaacha kusalimiana. Tena watu wawili walimwona Ruben akitoka kanisani katikati ya misa, na nyumba ya Bernadine iko ng'ambo ya barabara, hatua mia tatu. Mwendesha mashtaka angelipenda sana jina hilo.

Pakou alimkuta anatengeneza trekta. Hakumzungusha. Alimwonyesha kwanza orodha ya watu arobaini na watatu, akasubiri. Ruben aliisoma kwa kidole, akasimama kwenye jina la mama yake mzazi, mwenye miaka tisini na moja, anayelitaka zizi kuliko hata mwanawe. Wapinzani wake walikuwemo, na watu wake walikuwemo. Anayetaka kushinda huchagua wa kumnyima. Aliyefanya hili hakuchagua. Alitaka tu kura zikosekane, watu wakae wakitazamana vibaya. Ruben hakuwa na cha kupata hapo, na Pakou aliliona hilo kabla yeye hajaliona. Hata hivyo alimuuliza alikwenda wapi katikati ya misa.

Ruben alifuta mikono kwa kitambaa, muda mrefu kuliko ulivyohitajika. Akasema Bernadine alikuwa amemwomba awe mmoja wa wabeba jeneza, pamoja na ugomvi wote ule. Ilipofika karibu aliona hawezi. Akaenda kukaa garini, akalia, akarudi akabeba.

"Florian alistahili mazishi bora kuliko yale," alisema. "Hata kahawa ya chakula cha mazishi ilikuwa maji ya kuoshea vyombo. Florian angeisema mpaka leo."

Pakou alikuwa ameshafunga kijitabu chake. Akakifungua tena.

Watu watatu walikuwa wamemtajia kahawa hiyo. Watatu, katika mahojiano matatu, bila kuulizwa. Alikuwa ameichukulia kuwa soga za msibani. Chakula cha mazishi cha Lubno hupikwa na akina mama wale wale tangu Pakou hajazaliwa, kila mmoja na kazi yake, na kazi hiyo haachiwi mwingine mpaka afe. Kahawa yao ni nzito na haijawahi kubadilika. Kama siku ile ilikuwa nyepesi, basi mpika kahawa hakuwepo.

Alikwenda moja kwa moja kwenye jiko la kanisa, chini ya ardhi. Ilikuwa Kwaresima, na Bi. Dombrowski wa keki ya limau alikuwa peke yake anakatakata kabichi ya kula na samaki wa kesho. Ratiba ya kazi ilikuwa imebandikwa ndani ya mlango wa kabati. Viazi: fulani. Nyama ya nguruwe: fulani. Kahawa: Eulalia Zblewski.

Pakou alitoa picha za kitabu cha wageni wa mazishi. Jina la Eulalia lilikuwemo, mstari wa nane. Ndiyo maana alikuwa amemweka kando tangu siku ya kwanza.

"Ameandikwa alikuja," alisema. "Lakini kahawa hakupika yeye."

"Atapikaje na hakuwepo?" Bi. Dombrowski alijibu, kisu hakikusimama. "Eula alikuwa amekaa kwa Bernie, anamlindia nyumba. Jina nilimwandikia mimi. Anayelinda nyumba huandikwa na wenzake, asije akaonekana hakuja kumzika mtu."

"Niliuliza watu hamsini nani hakuwepo kwenye mazishi. Wote walisema hakukosekana mtu."

"Na hakukosekana." Sasa kisu kilisimama. "Mwanangu, wezi wanasoma matangazo ya vifo gazetini. Wanajua saa ambayo nyumba ni tupu. Lazima mmoja wetu abaki. Huyo naye yuko mazishini, ila amekaa mahali pengine."

Katika mila za wazazi wa Pakou msiba huchukua siku nne na nyumba haibaki bila mtu hata dakika moja. Alijilaumu waziwazi, akasema mbele ya Bi. Dombrowski kwamba alikuwa mjinga, na Bi. Dombrowski hakumpinga.

Tangazo la kifo cha Florian alikuwa nalo kwenye faili. Alilisoma tena garini. Jina, kanisa, saa ya misa, majina ya wajukuu wote watano, na mwishoni: ameacha mjane, Bernadine, karani wa mji wetu kwa miaka ishirini na sita. Mwizi hakuhitaji zaidi ya hapo.

Eulalia Zblewski alikuwa na miaka themanini na mmoja na nyumba yenye joto la kuchemsha mtu. Alimfungulia Pakou kabla hajagonga.

"Umekuja kwa ajili ya karatasi yangu ya kura? Nimempigia Bernie mara mbili. Kila siku ananiambia itakuja, Eula, itakuja. Nimepiga kura tangu mwaka sitini na sita sijakosa hata moja."

Pakou alisema atalifikia hilo. Akakaa, akakubali kahawa. Ilikuwa nzito kweli kweli. Akamwomba amsimulie siku ya mazishi, na Eulalia akasimulia kwa fahari, kwa sababu alikuwa amefanya kazi yake vizuri. Alikaa ameuelekea mlango wa mbele. Kitasa cha mlango wa nyuma alikiegemezea kiti. Gari lolote lililopunguza mwendo barabarani aliandika rangi yake. Sahani zilizoletwa aliziandika, na simu zote aliziandika.

"Kulikuwa na simu kutoka ofisi ya uchaguzi ya jimbo, kule Madison?"

"Ah, yule bwana! Mstaarabu. Alinipa pole ya Florian, akaniuliza na wajukuu kwa majina. Akasema Bernie ana kazi ya kura inayofungwa saa sita, asipoimaliza watu watakosa karatasi zao, ila yeye anaweza kummalizia huko huko. Mashine itapiga, nibonyeze moja, niandike namba, halafu atanipigia nimsomee. Nikamwambia sawa baba, maana maskini yule mwanamke anamzika mumewe, mwacheni apumue." Alimwongezea Pakou kahawa bila kumuuliza. "Zilimsaidia?"

Pakou aliweka kikombe chini. Kuna namna ya kumpa mtu habari mbaya inayofundishwa kazini: kaa, sema kwa maneno mafupi, usizunguke. Alifanya hivyo. Alisema yule bwana hakuwa wa Madison wala wa ofisi ya uchaguzi, na huenda hakuwa hata wa nchi hii. Namba zile sita ndizo zilizofungua daftari. Karatasi za kura hazikuja kwa sababu hiyo, na kesho mchana Bernadine anashtakiwa.

Eulalia hakulia. Alinyoosha kitambaa cha meza ambacho hakikuwa na mkunjo.

"Ni watu wangapi?"

"Arobaini na watatu."

"Mama yake Ruben?"

"Ndiyo."

"Na mimi?"

"Na wewe, Bi. Zblewski."

"Bernie anajua kuwa ni mimi?"

"Nadhani amejua tangu alipoanza kuandika kadi za shukrani. Amekataa kunitajia. Nimemuuliza mara tatu."

Eulalia alivua aproni, akaikunja mara nne.

"Nipe koti langu. Liko nyuma yako hapo."

Njiani Pakou alimpigia mwendesha mashtaka kutoka kwenye kilima pekee chenye mtandao, akamweleza yote. Mwendesha mashtaka alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akataka maelezo ya maandishi yenye saini ya yule bibi, na ule ukurasa, kama upo. Kumpokelea mtu simu si jinai, alisema. Kuficha ushahidi ni jambo jingine, na la Bernadine ataliangalia baada ya Jumanne. Kesho hatamshtaki. Pakou akampigia na Tate. Tate akasema karatasi mpya arobaini na tatu ziko tayari tangu jana, ataziendesha mwenyewe mlango kwa mlango pamoja na ofisa wa kaunti, na barua ya tatu kwa baraza ataipeleka kwa mkono, awasomee.

Bernadine aliliona gari la sherifu kupitia dirisha la jikoni, akaona nani anashuka. Alifungua mlango akasimama kizingitini.

"Nilikwambia hapakuwa na mtu," alimwambia Pakou.

"Na mimi ni nani, Bernie?" Eulalia alisema. "Kiti?"

Akampita akaingia, akakaa kwenye kiti kile kile alichokalia siku ya mazishi. Pakou alibaki karibu na mlango, kalamu mkononi, hakuandika.

"Wiki tatu unaninyamazia. Nakupigia kuuliza karatasi yangu, unaniambia itakuja."

"Ungefanya nini, Eula, ungejua? Ungekufa."

"Ningekuja hapa ningekaa kwenye kiti hiki, kama nilivyokaa sasa. Walikuwa wakufunge wewe!"

"Uliacha mazishi ya Florian ukanilindia nyumba," Bernadine alisema. "Nikukabidhi kwa sherifu?"

Eulalia alisogeza kiti mezani. Halafu akamnyooshea Pakou kidole, akasema aandike: jina, umri, kwamba alibonyeza moja kwa kidole chake mwenyewe, hakulazimishwa, na Bernadine hakuwa na habari. Pakou aliandika. Eulalia aliisoma yote, polepole, akarekebisha neno moja, akatia saini kwa mwandiko ule uliolala upande wa kulia.

"Bado ukurasa," Pakou alisema.

Bernadine alitazama sakafu. Kisha akaenda kwenye kabati, akatoa kitabu cha sala cha Florian, na katikati yake palikuwa na karatasi iliyokatwa kwa mkasi. Alimpa Eulalia kwanza. Eulalia hakuweza kuisoma, miwani ilikuwa na ukungu. Akampa Pakou, na Pakou akaisoma kwa sauti ili iingie kwenye maelezo.

"Saa 5:36, bwana wa ofisi ya uchaguzi, Madison. Anakupa pole. Saa 5:42 kapiga tena, nimempa namba zote sita. Kazi yako ya leo imekwisha, Bernie. Usiwaze kitu."